Gilels na Grieg: vipande 20 kati ya 66, katupunja au katupa?

Emil Gilels, mpiga piano wa Kisovieti, alikuwa mtu wa mizigo mizito. Konseto ya kwanza ya Tchaikovsky (konseto ni piano pamoja na okestra nzima), sonata za Beethoven, zile konseto mbili za Brahms alizorekodi na kiongozi wa okestra Eugen Jochum 1972, mtu wa Odessa mwenye mikono ya chuma, na 1955 ndo alikuwa kati ya wasanii wa kwanza wa Kisovieti kwenda kupiga Marekani enzi za vita baridi. Sasa mtu huyo huyo 1974 anaingia kanisani Berlin, ile Jesus-Christus-Kirche ambayo kampuni ya santuri ya Deutsche Grammophon waliitumia sana kurekodia, na anachorekodi ni vile vipande vidogo vya piano vya Edvard Grieg, mtunzi wa Norwei, ambavyo kule Ulaya mtoto aliyesoma piano miaka mitatu minne anajaribu kuvipiga sebuleni. Mpaka leo hiyo santuri inasifiwa kama Qurani ya Grieg, samahanini kwa mfano, ila ndivyo watu wanavyoiongelea, hairuhusiwi kuguswa. Mi naipenda sana. Lakini kuna kesi ya haki kabisa dhidi yake na watu wanaipita haraka mno.

Tuanze na hesabu. Grieg aliandika vipande 66 vya aina hii, vinaitwa Vipande vya Kilirika, vitabu kumi, cha kwanza 1867 na cha mwisho 1901, vikachapwa na Peters, wachapishaji wa Leipzig, na kuuzwa kama njugu, maana redio hakuna na gramofoni bado haijaenea, ukitaka muziki nyumbani unapiga mwenyewe. Gilels kachukua 20. Hilo peke yake si kosa, santuri moja ya wakati ule inabeba chini ya saa nzima, 66 haziingii hata ufanyeje. Shida ni zipi kaziacha. "Siku ya Harusi Troldhaugen" hamna. "Maandamano ya Mazimwi" hamna. "Kwa Machipuko" hamna. Yaani tatu ambazo ukimwamsha mpenzi wa Grieg usiku wa manane atakutajia ndo hizo hizo zimebaki nje, huwezi kuniambia ilitokea kwa bahati mbaya.

Ukitaka kuona mkasi ulivyopita angalia kitabu cha tano, Opus 54 ya 1891 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Kina vipande sita. Gilels kachukua cha nne, Nokturno, na cha tano, Skerzo. Cha tatu ni mazimwi, karuka. Cha sita ni "Milio ya Kengele", karuka pia, na hapo ndo mi nagombana nae kabisa, kwasababu hicho cha sita ni kitu cha ajabu, mikono yote miwili inagonga kwinti tupu tupu, yaani noti mbili zilizoachana hatua tano, pedali imeshikwa chini sauti zinarundikana juu ya sauti, melodi hakuna ya kuimba, ni kengele tu za mbali zinakaribia halafu zinaondoka. Mwaka 1891! Mfaransa Debussy bado hajaandika vitu vyake vya piano vya kengele na makanisa yaliyozama. Tena huyo Debussy ndo aliyekuja kuudhihaki muziki wa Grieg kwamba ni pipi ya pinki iliyojazwa theluji. Sasa ukimwondoa Grieg wa kengele, na wa mazimwi, na wa harusi yenye kelele za wageni, unabaki na nani? Unabaki na mzee mpole anayekumbuka. Gilels anacho kipande cha ngoma ya kijijini, Halling ya Opus 47, na anacho Puck ambacho ni cha utundu, sisemi hakuna kabisa, ila ni chumvi kidogo kwenye sufuria kubwa.

Na Grieg mwenyewe je? 1903 alikaa Paris mbele ya lile pembe la kurekodia, kazi inasikika kwa mikwaruzo mingi, na kati ya alivyovipiga kuna "Kipepeo", kuna "Kwa Machipuko", kuna hiyo "Siku ya Harusi". Katika hivyo vitatu Gilels kachukua kipepeo tu. Na kipepeo cha Grieg hakitulii, anakimbiza, anavuta, anakimbiza tena. Cha Gilels kila bawa linaonekana. Ni kizuri mno, nakiri, lakini ni kipepeo wa kuangaliwa kwa utulivu.

Haya, upande wa pili, ambao kwangu ndo wenye nguvu kidogo zaidi japo si kwa mbali.

Watu wanasema kachagua vipande, mi naona kapanga hadithi. Havikuchanganywa ovyo, vinakwenda kwa mpangilio wa opus, kuanzia kitabu cha kwanza mpaka cha kumi. Cha kwanza ni Arieta, ya 1867, Grieg ana miaka 24, ni baa 23 tu (baa ni kipimo kimoja cha mapigo), melodi juu, besi chini, na katikati noti ndogondogo ambazo mikono miwili inagawana. Hapo ndo pagumu hata kama noti zenyewe ni rahisi, kwasababu noti za katikati zikipanda kidogo tu zinafunika wimbo. Gilels anaziweka sauti tatu kwenye viwango vitatu tofauti na hakuna inayomkanyaga mwenzake, na zile nguvu zake zote za Tchaikovsky unazisikia hapa kwa jinsi zilivyozuiwa. Mtu dhaifu hawezi kupiga taratibu hivi bila sauti kukonda.

Halafu cha mwisho, "Kumbukumbu", 1901. Ni Arieta ile ile, Grieg kaichukua baada ya miaka 34 akaigeuza kuwa waltz, dansi ya mapigo matatu. Ukisikiliza 66 zote, mfano kwa Eva Knardahl aliyezirekodi zote, mpaka ufike pale umeshameza diski kadhaa na Arieta umeisahau, unasikia tu waltz ndogo nzuri. Kwa Gilels umetoka kuisikia chini ya saa moja iliyopita, na njiani kakupitisha kwa msafiri mpweke, kwa kutamani nyumbani, kwa nyimbo mbili za kubembeleza mtoto, kwa "Hapo Zamani za Kale", kwa "Yamepita". Ingia hapo katikati na Harusi yenye fotisimo zake, yaani ile midundo ya nguvu zote, na uzi umekatika. Kwahiyo kuacha kwake kuna sababu ya kimuziki, kama ni mimi harusi ningeiacha pia.

Kengele ningebaki nazo. Zingekaa vizuri tu baada ya Skerzo, hazivunji huzuni ya mtu yeyote.

Kwenye suala la jitu kupiga vya watoto, mabishano mengine siyaelewi. Vilikuwa vya sebuleni kwasababu ya soko, sio kwasababu havina kitu ndani. Hoja ya haki ni nyingine, kwamba kwa sababu Gilels ni Gilels, santuri yake moja imekuwa ndo sura ya Grieg kwa wasikilizaji wengi wasiokuwa Wanorwei, na mpiga piano yeyote akija na Grieg mwenye vumbi la kijijini kwenye viatu anaambiwa anapiga kwa fujo. Mpiga piano wa Norwei Leif Ove Andsnes alikwenda mpaka Troldhaugen, nyumbani kwa Grieg nje ya Bergen, akarekodi kwenye Steinway ya Grieg mwenyewe ya 1892, na mlio wa ile piano ni mkavu zaidi, besi zina ukali fulani, sio ule ukarimu wa kanisa la Berlin. Ukitoka kwa Gilels ukaingia pale unashtuka, halafu baada ya vipande kadhaa unaanza kujiuliza ule mwangwi mzuri wa Berlin ulikuwa wa Grieg au wa jengo.