Nungwi kwa Njia ya Makunduchi

Asubuhi hii shemeji kaniletea ujumbe wa sauti, mrefu, kuniuliza nimeifanya nini gari yake mpaka inanuka pweza. Mtu kanipa gari taa ya mafuta inawaka, jeki haimo, dirisha la nyuma linashushwa kwa bisibisi! Kwa heshima ya ukoo sijamjibu. Nakujibuni nyie.

Safari ilikuwa ya Nungwi, hapa hapa Unguja. Nilishatangaza mwenyewe, mkuu wa kaya, na sababu nikatoa: kule maji yakitoka hayendi mbali, mtu anaoga saa yoyote. Huku Paje na Jambiani ukikuta maji yamekupwa, tena bamvua, bahari utaisikia tu inanguruma mwambani. Watoto wakaafiki, mke wangu akaafiki. Mama mkwe akaingia, akakaa mbele, akafunga mkanda, akasema, "Mwanangu, tupitie Kitogani mara moja kuna mgonjwa. Si njiani?"

Njiani! Nungwi kaskazini, Kitogani kusini. Sasa nani kati yenu ashawahi kumsomesha mkwewe ramani? Nikashika njia ya Tunguu.

Mgonjwa hatukumkuta, kaenda harusini. Kima punju wa Jozani tumewaona bure, barabarani, wanatutazama kwa huruma tunavyopanda matuta. Kitinda mimba wangu katapika bajia. Nikasema potelea mbali, Paje si mbali, watoto wakachezee maji.

Bahari haipo. Imeondoka. Vigingi vya mwani viko wazi, watu kule mwambani wadogo kama sisimizi, na mwanangu wa pili ananiuliza, "Baba, imekwenda Nungwi?"

Ndipo akatokea yule mama, kijiti mkononi, ndoo kichwani, katoka kuchokoa pweza. Mama mkwe kamwona sijazima gari.

"Huyu kiasi gani?"

"Elfu ishirini."

Mkwe akacheka kile kicheko anachonichekea mie nikitaja mshahara. "Ishirini? Ana mikono mingapi?"

"Minane, mama. Kama wenziwe."

"Mie naona saba na kipande."

Wakahesabu. Wallahi wamekaa kitako mchangani wakahesabu, mmoja mmoja, na kweli mmoja umekatika ncha, samaki mkunga kautafuna. Kumi na nane. Kumi na tano. Yule mama akajitwika ndoo akaondoka, akarudi. Mkwe akaingia garini akabamiza mlango, akaufungua. Jua la saa saba liko utosini, mie nimesimama na pochi wazi, niko tayari kulipa ishirini, thalathini, ninunue na ndoo yenyewe, tuondoke. "Tulia baba," mkwe ananiambia, "wewe hujui kununua."

Kwenye kumi na tatu wakawa wanataka kupatana, muuzaji akauliza, "Kwani nyie watu wa wapi?"

Hapo nikajua siku imekwisha. Mkwe akataja kwao. Mwenzake akamtaja bibi yake. Bibi kumbe aliolewa Makunduchi, na Makunduchi kulikuwa na ami mmoja mwenye ng'ombe wa pembe moja, na wote wawili, wakiwa wadogo, walimshuhudia ami huyo akitandikwa migomba kwenye Mwaka Kogwa, ile sherehe yao ya mwaka mpya, akakimbilia kondeni. Wakakumbatiana. Wakalia. Ndugu hauziani pweza, kwa hivyo tukapewa wawili, bila mfuko, wakalazwa chini ya miguu ya watoto. Na ndugu aliyepotea lazima wazee waonyeshwe. Wazee wako wapi? Nami nikauliza, mjinga mie.

Makunduchi tumekula muhogo wa nazi, tukala mkate wa kumimina, ukaja wali, "Mbona hamli?" Nimeamkia wazee mpaka nikamwamkia kijana wa rika langu, naye akaitikia marahaba, hana haya. Tunaaga, magharibi inaingia, maji yamejaa mpaka kwenye minazi, na watoto wote wamelala.

Mie udugu siukatai. Lakini mtu anafanya kazi mwezi mzima, anaomba siku moja akae majini, asiulizwe kitu, asimwamkie mtu. Hiyo nayo nyingi? Na mafuta yangu!

Tumeingia mjini usiku, mke wangu anataka mkate wa ufuta. Na hii mikate ya ufuta ya siku hizi jamani! Zamani ukiukata mmoja unagaiwa watu. Sasa unaukata wapi? Nikausogeza kwenye taa, nikautafuta ufuta. Kijana akaniambia, mzee, wenye ufuta mwingi unaagizia mapema. Nikamwambia basi nipe huo huo. Akasema huo niliokamata ndio wa mwisho, na una mwenyewe.