Bolti za hedi: kavu au kwa mafuta?

Mafundi wa Nakuru hawajawahi kuelewana kuhusu jambo hili, na si dogo kwa mwenye lori linalopanda Timboroa na mzigo: bolti za hedi (kifuniko cha juu cha injini, kinachoziba silinda) zipakwe mafuta kabla ya kukazwa, au ziingie kavu? Wa kavu hushikilia kwamba bolti yenye mafuta italegea. Wa mafuta husema bolti kavu huidanganya torki renchi, ile spana inayolia ikifika torki, yaani nguvu ya kuzungusha, uliyoipanga. Wote wana hoja, ila kwangu mizani inaelemea upande wa mafuta.

Torki renchi haipimi jinsi bolti inavyoibana hedi. Hupima nguvu ya kuizungusha tu, na nguvu hiyo huliwa na msuguano: karibu nusu chini ya kichwa cha bolti, na asilimia 40 hivi kwenye thredi, yaani meno ya bolti. Kinachobaki, kama asilimia 10, ndicho kinachoivuta bolti na kubana gasketi iliyo kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini. Kwa hiyo ukibadilisha kilichopakwa, umebadilisha kazi yote, hata kama namba kwenye renchi ni ileile.

Chukua bolti ya milimita 10 iliyopigwa 8.8, namba ya uimara wake, kichwani. Ikikazwa kavu kwa 60 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha torki), kwa hesabu ya kawaida hubana kwa kilonyutoni 30 hivi. Ipake grisi ya molibdenamu, uikaze kwa 60 hiyohiyo, na hesabu inakaribia 50, ilhali kikomo chake salama ni kama 34. Itavutika isirudi, au ikatike kabla renchi haijalia. Halafu muuza spea ataambiwa aliuza bolti feki.

Wa kavu wana hoja moja nzito. Tundu lisilotoboka upande wa pili likijaa mafuta, bolti ikiingia mafuta hayana pa kwenda, wala hayabonyezeki. Renchi inalia, hedi haijabanwa, na bloku inaweza kupasuka. Ndiyo maana tundu hukaushwa kwa hewa ya kompresa, na bolti hupakwa utando mwembamba tu. Nati za magurudumu nazo, kwa kawaida, hukazwa kavu. Hapo sina ubishi nao.

Ila ile hofu ya kulegea siioni. Bolti hulegea kwa kutovutwa vya kutosha, au vipande vinapotelezeana kwa mtikisiko. Tena, "kavu" ya injini ya mtumba ni kavu gani? Bolti moja ina kutu, jirani yake imesuguliwa kwa brashi ya waya, ya tatu ina mabaki ya silikoni. Zote zikikazwa kwa namba moja, kila moja hubana kivyake, na gasketi huvuja penye iliyo dhaifu.

Kitabu cha injini kikisema, kifuatwe. Vingi huagiza mafuta ya injini kwenye thredi na chini ya kichwa. Watu husahau hapo pa pili, penye msuguano mkubwa zaidi. Kikisema mafuta, usiweke grisi ya shaba ati ni bora zaidi.

Injini nyingi za siku hizi hukazwa kwa torki ndogo kwanza, kisha kwa pembe: huzungushwa nyuzi 90 zaidi, mara moja au mbili. Msuguano hauna usemi mkubwa hapo, lakini bolti nyingi za aina hiyo huvutwa kupita kikomo makusudi. Mteja akisema zirudishwe zilezile kwa sababu seti mpya ni ghali, zipime urefu kwanza: iliyozidi kipimo cha kitabu haifai, upake usipake.