Pembe ya Sultani na kanzu yangu ya Ijumaa

Jamani kabla hamjaendelea kufowadi ile voisi ya jamaa yangu, inayosema eti beberu wangu kaniacha uchi nikalia, nisikilizeni na mimi mwenye nyonga inayouma. Kwanza sikulia. Ile sauti mnayoisikia mwishoni ni ya mbuzi. Pili sikuwa uchi, nitafika huko, na nikifika mtasema heri angekuwa uchi.

Wanaonifuata wanamjua Sultani, beberu wangu niliyemtoa Mgeta, kule kwenye baridi ya milima ya Uluguru, ukoo wa wale mbuzi wa Norwei walioletwa na mradi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, miaka ya 1980, pembe zimerudi nyuma zikapinda raha kabisa. Na mnajua ugomvi wa pembe hapa nyumbani haujaanza leo. Mama watoto anataka ziondoke tangu jike letu la maziwa alipopigwa pembe kwenye kiwele tukakamua maziwa yana damu. Mimi niko upande wa pembe na bado niko hukohuko, mseme mtakavyo. Ndani ya pembe kuna mishipa ya damu, joto la mwili linapungulia pale, na huku mjini Morogoro jua la saa nane si la Mgeta. Mnunuzi wa Idi ya kuchinja naye akija anakagua macho, masikio, miguu, akifika kwenye pembe nzima zimekaa vizuri habishani sana bei. Halafu beberu mzima mwenye hasira zake ukitaka kumsogeza unamshika wapi, sikio?

Basi Ijumaa bwana mifugo kaja kuangalia kile kiwele pamoja na vitoto vilivyozaliwa juzi juzi. Mimi nimeshaoga, kanzu nyeupe imepigwa pasi, jamaa yangu kaja na bodaboda yake anichukue twende msikitini. Mama watoto akaona hapo hapo, kesi ya pembe akaiweka mezani mbele ya mtaalamu.

Bwana mifugo akagawa hukumu nusu kwa nusu. Vitoto akasema ndio wakati wake, wiki ya kwanza au ya pili, vishina vya pembe bado vinachungulia tu, unapiga ganzi kwa kipimo maana kitoto cha mbuzi ganzi ikizidi inamuua, unaweka chuma cha moto sekunde chache unatoa, ukizubaa joto linafika kwenye ubongo, fuvu lenyewe jembamba. Sultani je? Akasema huyo msimguse na msumeno, mbuzi mkubwa ndani ya pembe ni mfupa hai na uwazi wake umeungana na uwazi wa fuvu, mkikata mnaacha shimo kichwani, inzi wanahamia. Jamaa yangu akadakia, "Si mnunue tu beberu kipara, yule asiyeota pembe, yaishe?" Bwana mifugo akamwambia angalia sana, kipara kwa kipara hawazalishwi, jike akirithi upara huku na huku anatoka huntha, si jike si dume, hazai. Jamaa akashika kofia yake akanyamaza. Mnamjua kichwa chake.

Sasa mimi kusikia Sultani haguswi nikaona nimeshinda, na mtu mzima akishinda lazima aongee. Nikaingia zizini na kanzu yangu. Nikamshika Sultani pembe zote mbili, nikamgeuza kulia, nikamgeuza kushoto, nawaambia mnaona, huu ni usukani, mnataka kuning'olea usukani? Jamaa katoa simu anarekodi, na mlango wa zizi kauegemea hakuufunga. Wekeni hilo akilini.

Nikamwachia Sultani nikampa mgongo ili nimalizie hotuba.

Wadau, kanzu yangu ina ule mpasuo wa ubavuni wa kupitishia mkono. Nikasikia Sultani anajikuna kwenye nyonga yangu, taratibu, kwa mapenzi kabisa, hata nikamwambia bwana mifugo unaona alivyo mpole. Halafu nikasikia kitu kigumu kinaingia. Kikateleza juu ya paja, kikasimama. Nikaacha kuongea. Sultani naye akaacha kujikuna. Tukawa tumesimama wawili tunasikilizana. Akainua kichwa. Kanzu ikapanda naye, polepole, kama pazia la ukumbini, goti, paja, mpaka kwapani, na kule banda la pili yule jike aliyekuwa kwenye joto la kutaka dume akachagua sekunde hiyohiyo kuita.

Sultani akaondoka. Na mimi nikaondoka.

Nilikwenda kinyumenyume, sijui kama mmewahi kukimbia kinyumenyume na kandambili. Tukapita mlangoni (asante sana jamaa), tukapita kwenye matuta ya mchicha ya mama watoto, namsikia anapiga kelele "mchicha wangu!", mchicha, siyo mume. Jike yuko kushoto, mimi navuta kulia, kwa hiyo tukaenda katikati, na katikati ni uzio wa seng'enge ulio kando ya njia ya msikitini. Sultani akapitisha kichwa kwenye tundu, pembe zikaingia, kurudi zikagoma. Mimi nimebanwa kwenye waya, shavu linaangalia njiani, kanzu iko shingoni, na beberu wa msimu huu wa kupanda majike mnajua anavyojikojolea ndevu na miguu ya mbele, hilo nalo nimepakwa lote.

Njiani wanapita watu wa swala. Na chini ya kanzu nimevaa bukta.

Nyekundu. Ya Simba. Ya mpwa wangu, aliisahau, zangu zote zilikuwa kwenye kamba hazijakauka wallahi. Mimi, Mwananchi wa Yanga tangu tumboni, mshika ngoma wa tawi, nimening'inia hadharani na makalio ya Msimbazi. Mzee mmoja wa tawi letu akasimama, akaangalia mbuzi, akaangalia bukta, akasema "Kumbe", akaendelea na safari.

Mengine hayana maana. Bwana mifugo alitutoa, Ijumaa ikanipita nikaswali adhuhuri nyumbani, kanzu imefuliwa bado haikaliki nayo chumba kimoja. Vitoto pembe zao zinachomwa wiki hii, nimetia saini chini ya shinikizo. Sultani anabaki na zake, kajengewa banda lake peke yake na ncha tumezivalisha vipande vya bomba la maji.

Kikao cha tawi ni Jumapili. Ajenda nimeshapenyezewa, ni bukta, pembe hazimo. Mwenye bukta ya kijani ya mtu mnene kidogo aje inbox, nanunua leo leo.