Sikulia, Lilikuwa Jasho

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya swahibu wangu anayedai nililia jukwaani: sikulia. Lilikuwa jasho, limetokea karibu na macho tu.

Ni hivi. Arusi ya jana, Unguja, muziki ni taarabu, mimi ndiye mshehereshaji. Kanuni, ile ala ya nyuzi, ina nyuzi zaidi ya 70, kuzipatanisha si mchezo, basi nikaambiwa nizibe pengo. Nikaanza vizuri jamani! Nikawapa kikundi cha Ikhwani Safaa cha 1905, nikawapa mwimbaji Siti binti Saad alivyokwenda Bombay 1928 kurekodi santuri. Vigelegele. Kichwa kikavimba.

"Na jina lenyewe, mabibi na mabwana, ni 'ta' na 'Arabu'. Muziki wa Waarabu!"

Kanuni ikanyamaza. Mzee aliyekuwa akiipatanisha akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akavuta maikrofoni.

"Mwanangu, hiyo 'ta' ni ya nini?"

"Ni... kiambishi, mzee wangu."

(Walimu wa Kiswahili mnaonifuata, hapa piteni tu.)

"Neno ni tarab. Kiarabu, ule msisimko unaokupanda ukisikia wimbo ukakukolea. Hebu lipigie makofi sisi tunavyolitamka, tusikie silabi zake."

Nikapiga: ta, ra, bu. Matatu. Kijana wa ngoma ya dumbak akanimalizia la nne: du! Ukumbi hoi.

"Waarabu wanazo mbili, ta-rab. Sisi tukalivuta, tukalitia na irabu mwishoni, zikawa nne: ta-a-ra-bu. Hizo tatu zako umezitoa nchi gani?"

Hapo ndipo alipoinuka bibi mmoja wa meza ya mbele, noti ya elfu kumi juu, anakuja kwa madaha, kiuno kinakwenda na muziki ambao hata haujaanza. Nikasema alhamdulillahi, kuna mtu kanionea huruma. Nikatabasamu. Nikatanguliza mkono, kiganja wazi, mbele ya kamera. Bibi akaja, akaja, akafika, akainama, akapita chini ya kwapa langu, akaenda kumtunza mzee. Mkono wangu ukabaki hewani kama wa askari wa usalama barabarani.

Nikatokea mlango wa jikoni, biriani sikuonja, ujira hawajamaliza. Na wewe uliyenibandika jina la "Bwana Ta" kwenye grupu, nimekuona, wala hukualikwa.