Amri ya Konda

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale jamaa wa Albion Online, gemu ya mtandaoni, hawakungoja hata jua lizame. Nimeingia tu kwenye gildi yao, yaani kundi lao la wachezaji, sijui hata pa kubonyeza, nikapewa sululu niende kuchimba madini.

Sikulalamika. Wao wamo tangu 2017 gemu ilipozinduliwa, sisi wa simu tumefunguliwa mlango 2021. Nami simu yenyewe kioo kimepasuka, nachezea kibandani kwa kaka yangu, muuza vocha na makava, hapa Mwanza mjini zinapopakia daladala za Nyegezi. Basi nikachimba, nikakata magogo. Kila fedha niliyookota porini gildi ilikata kodi hapohapo, risiti hakuna. Jina langu hawakuwa na habari nalo. Waliniita "yule mwenye ng'ombe".

Maana nilikuwa na ng'ombe. Kwenye gemu hiyo yupo ng'ombe wa kubeba mizigo, mwendo wake ni wa bwana harusi anayeingia ukumbini. Wenzangu wamepanda farasi na mbwamwitu, wanamcheka. Jamani, mimi Msukuma, unanichekaje kwa kumiliki ng'ombe?

Sasa ramani ya kule ina rangi. Kwenye buluu unatembea kifua mbele, hakuna wa kukugusa. Kwenye nyeusi ukiuawa, aliyekuua anakusachi mpaka viatu. Jioni moja wazee wa gildi wakaamua tukavizie maadui huko kwenye nyeusi, na wageni twende tukabebe mizigo. Masharti yakasomwa kwenye Discord, programu tunayoongelea kwa sauti wakati wa kucheza: msemaji ni kiongozi peke yake. Mgeni akikohoa, nje. Kiongozi akisema "go", wote mnachomoka; asiposema, hakuna kujitikisa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga kama changu, ila chake kilikuwa na cheo.

Tukajibanza nyuma ya miamba. Maadui hao wanapita, wengi kuliko sisi. Kiongozi akanong'ona: tulieni, waacheni wapite.

Maiki yangu ilikuwa wazi. Muda mfupi kabla ya hapo kaka aliichukua simu kumpimishia mteja kava, na vidole vya wauza makava havijui pa kuishia. Nje, konda akapiga bodi ya Hiace makofi mawili, akavuta pumzi:

"Igogo-gogogo! Gogogogo! Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, twen'zetu!"

Watu kama ishirini wakachomoka. Waganga wa kutibu wako mbele, wenye ngao wako nyuma, mmoja bado anauliza ni upande gani. Kiongozi anapayuka kwa lugha ya kwao, nadhani alikuwa anasali. Ipo video ya World of Warcraft ya mwaka 2005, jamaa anakurupuka namna hiyo na kuwaponza wenzake, dunia nzima ikacheka. Ile ilikuwa ya kuigiza. Yetu watu walikufa na mali zao.

Mimi na ng'ombe tulifika mwisho, tukakuta wenzetu chali, wanavuliwa. Wakanimaliza na mimi, ng'ombe wakaondoka naye. Usukumani, watu wa namna hiyo ndio waliofanya Sungusungu waanzishwe miaka ya 1980. Kule kwenye gemu ungempigia nani mwano, lile yowe la kuita msaada?

Kesi ikaanza usiku uleule. Nani ametoa amri? Nikasema ukweli: konda. Wakapekua orodha ya wanachama, Konda hayumo. Mzee mmoja akasema huyo ni jasusi. Ni wa gildi gani? Nikajibu hana gildi, ana Hiace. Yuko ngazi ya ngapi? Nikasema hana ngazi, ananing'inia mlangoni.

Pakawa kimya kidogo, halafu hukumu: Konda marufuku kukanyaga kwenye gildi maisha yake yote, mimi nirudi kwenye sululu na maiki ifungwe. Waliopoteza silaha wakataka niwalipe. Nikawaambia foleni ya madai inaanza na ng'ombe wangu.

Asubuhi nikamsimulia konda mwenyewe. Alinisikiliza huku anapanga noti vidoleni, wala habari ya kufukuzwa haikumgusa.

"Watu ishirini walichomoka?"

"Ishirini."

"Wote wa Igogo?"

"Ndiyo hivyo."

Akageuka kuitazama Hiace yake, tupu mpaka siti ya nyuma. "Sasa walipanda gari ya nani?"