Mashine Imeniitikia Marahaba

Mimi nina steshenari Moshi mjini, si mbali na soko la Mbuyuni. Usifikirie jengo la vioo. Kuna printa, kuna mashine ya fotokopi inayokohoa asubuhi mpaka ipate joto, kuna kompyuta, na kuna benchi la wateja ambalo mguu wake umetegemezwa na rimu ya karatasi. Kazi yetu barua. Barua ya kuomba kazi, barua ya kuomba ruhusa, risala ya harusi, kadi za mchango, malalamiko ya ndugu wanaogombea kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba. Zamani nilizitunga mwenyewe kwa kichwa hiki hiki. Siku hizi tuna akili mnemba, programu ya kompyuta unayoiandikia nayo inakujibu na kukutungia, na tangu iingie dukani sijapata amani, maana katika mji huu hakuna watu wawili wanaokubaliana iongeleshwe vipi.

Kuna mama mmoja wa Kibosho alikuja na kesi ya mfereji. Jirani wa juu anaziba maji, migomba yake inakauka, anataka barua kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikamweleza kwamba siku hizi tunaiambia kompyuta, inatunga, sisi tunasahihisha. Akanitazama.

"Umeisalimia?"

"Mama, hii ni kompyuta."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekuuliza umeisalimia?"

Mteja ni mteja. Nikaandika "Shikamoo". Sijatoa hata kidole, jibu limeshafika: "Marahaba! Hujambo? Nikusaidie nini leo?"

Marahaba! Jamani. ChatGPT, ndiyo hiyo akili mnemba yetu, ilifunguliwa kwa watu tarehe 30 Novemba 2022. Piga hesabu mwenyewe. Mtoto wa umri huo kwetu yuko chekechea anafutwa kamasi, na akikutana na mtu mwenye mvi kama mimi anaanza yeye, asipoanza mama yake anamfinya. Hiki kimetulia, kinapokea shikamoo ya babu yake bila haya. Hakikusema hata "hapana mzee, acha nianze mimi."

Mama alifurahi sana. "Unaona? Ina adabu kuliko wewe." Akaniamuru niendelee. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Huko kwenu mvua imenyesha? Nikaandika yote, na foleni nyuma inarefuka. Ikajibu kwamba yenyewe ni programu, haina nyumba wala watoto, ila inashukuru kwa kuulizwa. Mama akashika shavu. "Maskini. Haina hata mtoto mmoja." Akataka niiandikie pole. Nikaiandikia pole. Benchi zima likanyamaza, mwingine akatikisa kichwa kwa huruma, na mfereji bado hatujaugusa.

Sasa pole hiyo msidhani ni ya bure. Aprili 2025 mtu mmoja kule kwenye mtandao wa X aliuliza OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, wanapoteza pesa kiasi gani za umeme kwa sababu ya watu wanaoandika "tafadhali" na "asante". Sam Altman, mkuu wao, akajibu mwenyewe: makumi ya mamilioni ya dola, na zimetumika vizuri, huwezi jua. Huwezi jua! Mimi nanunua umeme wa shilingi 5,000, mita ikianza kulia nazima mpaka feni ya wateja, halafu kuna mtu anachoma makumi ya mamilioni kwa ajili ya asante na anasema huwezi jua. Hesabu hakuionyesha, na alijibu kwa mzaha mzaha, ila jambo lenyewe lina msingi. Mashine hizi hazikai zikakuwaza. Kila ukituma neno, inayapitia maongezi yenu tangu mwanzo, ndipo ikisie neno la kufuata, kisha jingine, kisha jingine. Kwa hiyo ukituma "Asante" peke yake, mitambo huko iliko inaamshwa ili ikwambie "Karibu sana!" na kukuuliza kama kuna lingine.

Nikaweka sheria dukani: asante yako itume pamoja na swali linalofuata, tuokoe bando. Mama wa Kibosho alikataa. Anasema asante iliyobeba ombi lingine mgongoni si asante, ni ulaghai.

Upande wa pili kuna dogo. Nimemwajiri kwa sababu ana diploma ya kompyuta na kwa sababu ni mtoto wa dada yangu. Ni hiyo ya pili inayomweka kazini. Yeye haombi. "Andika barua. Fupi. Usiipambe." Nikimwambia aweke hata "tafadhali" moja, ananijibu, "Mjomba, unabembeleza umeme." Nilivumilia. Tatizo lilianza alipopata utafiti.

Ni wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, mwaka 2025. Walichukua maswali 50 ya kuchagua jibu, kila swali wakaliandika kwa namna tano, kuanzia unyenyekevu wa kupiga magoti mpaka ufedhuli mtupu, wakaipa ChatGPT ijibu. Ilipobembelezwa sana ilipata asilimia 80.8. Ilipotukanwa sana ilipata 84.8. Dogo akalichapa hilo jedwali kwa wino wangu na kulibandika ukutani. Tangu hapo akawa anatukana kwa idhini ya sayansi.

Tena hatumii vidole, anatumia kipaza sauti, anasema kuandika kunamchosha. Basi akaja mzee wa kanisa, mtu na heshima zake, koti limepigwa pasi, kaleta risala ya kwaya. Ndiyo kwanza anavuka kizingiti, dogo kageukia kompyuta na kipaza sauti mdomoni: "Wewe kilaza, hata kusoma hujui, hebu nipangie hii kitu upesi kabla sijakasirika!"

Mzee akasimama. Akavua kofia. Akauliza taratibu, "Mimi?"

Nilizunguka kaunta mbio. Nikamweleza kwamba hapana, mzee wangu, si wewe, inatukanwa kompyuta. Nikawa nimeongeza moto. "Kwa hiyo risala ya kwaya inaandikwa na kitu mnachokitukana?" Nikamwambia ni utafiti, wasomi wamethibitisha. Akauliza wasomi wa dhehebu gani. Hapo sikuwa na jibu. Akachukua bahasha yake, akavuka barabara mpaka kwa jirani yangu ambaye printa yake inatoa mistari myeusi katikati ya maandishi, na kadi za mchango za usharika mzima zikamfuata huko.

Asilimia nne! Usharika umekwenda kwa asilimia nne, na hiyo ni ya maswali ya kuchagua, si ya risala.

Na mimi nikatafuta utafiti wangu. Nikaupata, wa mwaka 2024, watu wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani. Wao walijaribu kwa Kiingereza, Kichina na Kijapani, wakaona kwamba ufedhuli mara nyingi unaharibu majibu, lakini unyenyekevu uliopitiliza nao hauleti uhakika wowote, na kiwango kinachofaa si kimoja kwa lugha zote. Nikambandikia dogo pembeni ya jedwali lake. Akasema huo ni wa zamani, mashine zimebadilika. Wa zamani! Mwaka 2024! Huyu ndiye anayevaa viatu vya mtumba. Nikamwambia sisi tunaoanza na shikamoo, umeamkaje, za tangu jana, hatukuitwa kwenye mtihani huo, kwa hiyo anyamaze. Hakunyamaza. Akaniletea Sergey Brin, mmoja wa walioanzisha Google, ambaye Mei 2025 alisema hadharani kule Miami kwamba mashine hizi huwa zinafanya vizuri zaidi zikitishwa, hata kuambiwa utaziteka. Hapo nilimkatiza. Kuteka ni neno ambalo sitaki lisikike dukani kwangu siku hizi, hata kwa utani, hata kwa kompyuta.

Ukiniuliza mimi niliyekaa na vitu hivi, wote hawa wanagombania chumvi wakati chungu cha mtori hakina ndizi. Ile barua ya mfereji, baada ya salamu zote na pole juu yake, ilitoka nzuri ajabu. Ilizungumzia "changamoto ya upatikanaji wa maji katika jamii yetu" na "umuhimu wa ushirikiano". Jirani hamna. Mawe aliyozibia hamna. Siku ya zamu ya maji hamna. Ingetoka wapi? Hatukuiambia. Dogo akachukua kesi ile ile, akaitukana kwa kipaza sauti, nayo ikatoa changamoto na ushirikiano vile vile, fupi kidogo. Ndipo nikamkalisha mama nikamuuliza kama nilivyokuwa nauliza zamani: nani, lini, kwenye mfereji upi, zamu yako ni siku gani, nani mwingine ameona. Tukaandika hayo, mashine ikayapanga, na mwenyekiti wa kijiji alimwita yule jirani. "Tafadhali" haijui mfereji uko wapi. Tusi nalo halijui.

Na msimcheke yule mama. Mwaka 1966 kule chuo cha MIT, Marekani, profesa Joseph Weizenbaum alitoa programu ya maongezi akaiita ELIZA, jina la nusu ya shangazi zangu wa Machame. Haikuwa na akili yoyote, ilikuwa inachukua maneno yako na kukugeuzia yawe swali: unasema una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Katibu muhtasi wa profesa alimwona akiitengeneza miezi na miezi, alijua kabisa ni programu tu. Alipokaa kuongea nayo, baada ya maneno machache akamwomba profesa atoke chumbani, awape nafasi. Mama wa Kibosho angalau hakunitoa dukani kwangu.

Mimi cha kunichosha ni adabu ya mashine yenyewe. Unaiambia tarehe umekosea, leo ni Jumanne. "Samahani sana kwa usumbufu! Uko sahihi kabisa!" Halafu inakurudishia Jumatano ile ile. Ukiikaripia inaomba radhi kwa aya nzima. Dogo anaiita kilaza, inamwambia inaelewa jinsi anavyojisikia. Mtu wa namna hiyo unagombana naye vipi? Binadamu ukimkosea anakununia, unajua mpaka uko wapi. Na kila barua, iwe ya kuacha kazi, iwe ya kudai talaka, lazima ianze na "Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya."

Hii ndiyo imenipatia hasara juzi hapa. Alikuja fundi seremala wa Pasua anayemdai mtu pesa za makabati tangu Pasaka. Anataka barua kali. Nikaiambia mashine: barua ya kudai deni, kali, usibembeleze, makabati ya jikoni, kiasi hiki, tangu tarehe hii. Niliitaja kila kitu, maana nimeshajifunza kwa mfereji. Ikafikiri, ikatoa, nikachapa bila kuisoma mpaka mwisho kwa sababu foleni ilikuwa imefika nje. Fundi akaisomea pale pale kaunta, kwa sauti.

"Ndugu mpendwa, natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya." Akanitazama. Akaendelea. "Ninatambua kwamba kila mmoja wetu hupitia nyakati ngumu." Akaiweka chini. Akaichukua tena. "Ningeshukuru sana endapo ungepata nafasi ya kulitafakari suala hili." Akaniuliza, "Mzee, hapa nani anamdai nani?"

Nikamwambia kiasi kimeandikwa, tarehe ipo, makabati yapo, hayo mengine ni heshima tu. Shilingi 2,000, kurasa mbili. Akafunua ukurasa wa pili. Ulikuwa na mstari mmoja, juu kabisa: "Nakutakia kila la heri wewe na familia yako."

"Familia yake nimeitaja mimi?"

"Hukuitaja."

"Basi nalipia ukurasa wa kwanza. Salamu mimi silipii."

Nikamweleza kuwa wino ni wangu, karatasi ni yangu, umeme ni wangu, na mstari mmoja au mistari ishirini, ukurasa ni ukurasa. Benchi likagawanyika. Wengine wakasema fundi ana haki, wengine wakasema hakuna barua bila salamu, na bibi mmoja aliyefuata fotokopi ya kitambulisho akasema kama familia ya mdaiwa ina watoto wadogo basi mstari huo ubaki. Fundi akaweka noti ya 1,000 mezani, akakunja ukurasa wake wa kwanza, akaondoka.

Ule wa pili bado upo hapa kaunta. Dogo ameusoma, ameugeuza, amecheka, sasa ananiuliza, "Mjomba, nikuandikie barua ya kumdai?"