Siyo uvivu, hatuitwi
Eti wananchi hatuendi kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa uvivu? Sikubali. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, lakini kijijini kwetu tulikaa karibu mwaka mzima bila kuitwa, isipokuwa kwa michango. Kina mama wa vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, ndio waliokwenda ofisi ya kijiji kudai taarifa ya mapato na matumizi. Ikabandikwa ubaoni, imeandikwa kwa mkono, fedha za vyoo vya shule zikiwa chini ya “mengineyo”. Mkutano uliofuata watu walijaa hadi nje ya kivuli cha mwembe, na mtendaji wa kijiji akasoma stakabadhi moja moja. Kwenu taarifa ilibandikwa lini mara ya mwisho?